Mkanda ulioandikwa NOINU

Hiyo picha ilikuwa inaenda kutupwa. Naanza na hilo maana watu wakisikia picha ya zamani ya besiboli, ule mchezo wa Kimarekani wa kupiga mpira kwa gongo, wanadhani niliinunua mnadani kwa hela ndefu, hapana, ilikuwa ndani ya boksi la viatu, boksi liko juu ya godoro, godoro liko kwenye lori na lori linaenda dampo. Mimi niko Lowell, Massachusetts, mwaka wa 11 huu, kwetu ni Tanga, na wikiendi nafanya kazi ya kutoa vitu kwenye nyumba za wazee waliofariki, familia inachagua inachotaka halafu sisi tunaondoa kilichobaki. Boksi likapasuka pembeni kikadondoka kitu cheusi kama kipande cha bati. Nikakiokota, nikakigeuzageuza kwenye mwanga, nikaona kijana wa watu amesimama ananiangalia.

Nikamfuata mama mwenye nyumba, binti wa marehemu, naye ni mtu mzima tayari. Nikamwambia mama kuna picha humu, akaangalia akasema hamjui huyo, chukua boksi lote kama unataka. Nikalitoa kwenye lori nikaliweka chini ya siti yangu.

Usiku nikakaa nayo jikoni. Ni ndogo, inaenea kiganjani, imewekwa kwenye bahasha ya karatasi nene yenye dirisha la duara refu. Kijana ana kama miaka 20. Shati lake kifuani lina kipande cha kitambaa kimefungwa vifungo pande zote kama kitambaa anachofungwa mtoto kifuani akilishwa uji. Suruali ndefu mpaka kwenye viatu. Mkono mmoja kashika gongo refu limesimama sakafuni, mkono wa pili kashika mpira, na mishono ya mpira inaonekana, inakutana juu kama chungwa la barabarani lililochanjwa vipande 4. Picha yote ni nyeusi na kijivu ila mashavu yake yamepakwa rangi ya waridi kwa brashi. Na nyuma ya visigino vyake, ukiangalia kwa makini, kuna mguu wa chuma umejitokeza sakafuni.

Huo mguu wa chuma ndo ulionikamata. Marehemu baba yangu alikuwa na studio ya picha Ngamiani, kule Tanga, mimi nimekulia mle ndani, nimeosha picha kabla sijajua kuandika vizuri. Baba alikuwa anapenda kutusimulia kwamba wapigapicha wa zamani walikuwa wanamshikilia mteja kichwa kwa nyuma na stendi ya chuma ili asitikisike, maana picha ilichukua sekunde kadhaa. Nilikuwa sijawahi kuiona kwa macho yangu. Sasa naiona, na baba hayupo nimwonyeshe.

Sasa niseme makosa niliyofanya usiku ule ule, maana nayajutia mpaka leo. La kwanza, nilichukua pamba na maji kidogo nikaipangusa vumbi. Sehemu ya chini karibu na kiatu ikabanduka ngozi ndogo kama gamba la kitunguu, kidogo tu lakini imeondoka na haitarudi, na hapo nikaacha mikono inatetemeka. Kama una picha ya aina hii usiiguse kwa maji, usiiguse kwa chochote, shika pembeni, iweke mahali pakavu maana ndani ni chuma na chuma kinaota kutu.

Kosa la pili nikaingia kwenye simu kutafuta bei kabla sijajua nina nini. Nikakuta habari ya ile kadi ya timu ya Brooklyn Atlantics ya 1865, picha ya wachezaji wamepangana, iliyopatikana Maine na kuuzwa mnadani mwaka 2013 kwa dola 92,000. Nakala nyingine ya picha hiyo ipo Maktaba ya Bunge, Washington. Basi ukishasoma dola 92,000 saa nane za usiku akili haikai tena sawasawa, kila unachokiona kwenye picha yako kinageuka kuwa ushahidi.

Halafu kuna mkanda. Kiunoni kijana kavaa mkanda mpana wenye herufi, na nilipoinamisha picha taa ipite ubavuni herufi zikatokea, NOINU, na zile N zimeandikwa kinyume kama herufi za Kirusi. Nilikaa nayo siku 2 nikiwaza ni lugha gani hii, labda jina la kijiji, labda timu ya wahamiaji. Siku ya tatu niko kwenye basi kichwa kikarudi Ngamiani. Kuna mara baba alichapa picha ya timu ya mtaani nega, ile filamu ya kuchapia picha, ikiwa imegeuzwa, maandishi ya jezi yakatoka kinyume na wale vijana wakagoma kulipa. Nikachukua simu palepale nikaigeuza ile picha kushoto kulia. UNION.

Jamani mimi mtu wa Tanga, nimekua na Coastal Union, nilikuwa mtoto mdogo Wagosi wa Kaya walipochukua ubingwa 1988 mji mzima haukulala, halafu nakuta neno hilohilo kiunoni kwa kijana aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa. Nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka mama mmoja akahama siti.

Picha za aina hii zinatoka kinyume kama kwenye kioo, maana hakuna nega, mwanga unapiga moja kwa moja kwenye lile bati na hilohilo ndo unapewa. Kwa hiyo mkono wa kulia unaonekana wa kushoto, vifungo vya koti la mwanamume vinaonekana kama vya mwanamke, njia ya nywele inahama upande. Ukisahau hilo utamwita mtu shoto naye si shoto. Kumbuka hii ya kinyume maana itanirudia baadaye.

Baada ya kupata UNION nikafanya kosa kubwa kuliko yote. Kulikuwa na klabu maarufu inaitwa Union ya Morrisania, hapo ambapo leo ni Bronx, ndo waliokuwa mabingwa 1867. Na aliyewahi kuichezea ni George Wright, yule shotistopu, yani mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu, aliyekwenda baadaye Cincinnati Red Stockings ya 1869, timu ya kwanza kusema wazi kwamba wachezaji wake wote wanalipwa, na akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli lililoko Cooperstown, New York, mwaka 1937. Nikaweka picha za George Wright pembeni ya kijana wangu. Macho yale yale. Kidevu kile kile. Nilikuwa na uhakika kabisa. Wiki 3 nzima nilikuwa natembea nikijua nimemshika George Wright mkononi, nikamwambia na mke wangu, nikamwambia na jamaa yangu wa Nakuru tunayefanya naye kazi, tukaanza hadi kupiga hesabu za kiwanja.

Nikampelekea picha muuzaji mmoja wa vitu vya kale. Kwanza akanipa dola 60. Nilipotaja jina la George Wright akabadilika, akasema kama nitakubali kuliandika hilo jina kwenye karatasi basi yeye anaweza kupata mnunuzi. Hakuuliza nimejuaje. Nilitoka pale moyo haujakaa vizuri, maana baba alikuwa anaandika nyuma ya kila picha kwa penseli, jina, tarehe, na kama hajui jina anaacha wazi, anasema usimpe mtu jina la mtu mwingine.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwanachama wa SABR, kile chama cha watafiti wa besiboli kilichoanzishwa Cooperstown mwaka 1971. Nilimpata kupitia maktaba ya mji. Alinikaribisha chai, akaiangalia picha kwa lenzi kama ya sonara dakika kumi hivi bila kusema neno, mimi nasubiri aseme George Wright. Akasema, "Mwanangu, hapa umeanzia mwisho. Jina ndo la mwisho. Kwanza ni kitu gani, halafu ni lini, halafu ni wapi. Ukifika kwenye nani utakuta wamebaki watu wachache tu." Akanisimulia na ile picha ya wanaume 6 inayosemekana kuwa ni ya Knickerbocker, klabu ya New York iliyoandika kanuni zake 1845, picha iliyotoka kwenye familia ya Alexander Cartwright, watafiti wamebishana miaka mingi kuhusu nani ni nani mle ndani. Kama picha kubwa namna ile wanabishana, yangu iliyotoka kwenye boksi la viatu naipa jina kwa kuangalia kidevu?

Basi tukaanza upya, na hapa ndo pananipendeza kusimulia.

Kitu gani. Akachukua sumaku ya friji akaisogeza nyuma ya bati, ikavutika polepole. Kumbe ni tintaipu, jina linasema bati ila ni chuma chembamba kilichopakwa vanishi nyeusi, hati miliki yake Marekani ilitolewa 1856. Ingekuwa ya kioo ingekuwa ambrotaipu, ingekuwa inang'aa kama kioo cha kujitazamia ingekuwa dageritaipu, zile za kwanza kabisa kuanzia 1839. Akamulika bahasha kwa tochi ya UV, kama zile za kukagulia noti bandia, karatasi ya kisasa ingewaka bluu lakini hii ikabaki imefifia, vizuri.

Lini. Mavazi kwanza. Suruali ndefu, na wale Red Stockings ndo walioleta suruali fupi za magotini na soksi ndefu mwishoni mwa miaka ya 1860, baada yao kila mtu akafuata, kwa hiyo kijana huyu ni wa kabla au si mbali na hapo. Hana glavu, glavu zilianza kuonekana miaka ya 1870. Hilo lilitosha kunipa kama miaka 10 hivi. Halafu mzee akaigeuza bahasha nyuma, na pale kulikuwa na stempu ya kijani, ndogo, ina kichwa cha George Washington, senti 3. Mimi nilikuwa nimeiona siku zote hizo na nikaipuuza nikidhani imetoka kwenye barua.

Ile stempu ni ushuru wa vita. Kuanzia tarehe 1 Septemba 1864 mpaka tarehe 1 Agosti 1866 serikali ya Marekani ilitoza kodi kila picha inayouzwa, mpigapicha anabandika stempu nyuma na kuichora kwa wino isitumike tena. Picha ya mpaka senti 25 stempu ya senti 2, ya senti 26 mpaka 50 stempu ya senti 3. Kwa hiyo najua kijana wangu alilipa kiasi gani, isiyopungua senti 26 isiyozidi 50! Na wino upo, umegeuka rangi ya kahawia, tukausoma kwa lenzi, herufi 2 za jina la mpigapicha na tarehe, 14 Oktoba 65. Nikafungua kalenda kwenye simu, ilikuwa Jumamosi. Sikujua kwa nini machozi yalinitoka, labda kwa sababu Jumamosi ndo siku studio ya baba ilikuwa inajaa, vijana wamepokea mshahara, wameoga, wamevaa.

Na hapo hapo George Wright akaondoka. Mwaka 1865 alikuwa Philadelphia, Morrisania alikwenda baadaye. Tarehe moja ya wino ilifuta wiki zangu 3, na sikuumia kama nilivyodhani ningeumia, nilijisikia mwepesi.

Wapi. Mhuri wa mpigapicha upo kwenye bahasha, jina na mtaa, mji wa viwanda vya nguo hapa hapa jirani, dakika 20 kwa gari. Kuna vitabu vya anwani vya kila mji vya enzi hizo, vinaorodhesha watu na biashara zao mtaa kwa mtaa, vingi vimeskaniwa na ni bure. Unaangalia mpigapicha yuko anwani hiyo mwaka gani mpaka gani. Wangu alikuwepo kwenye mtaa ule 1865, toleo la miaka michache mbele kashahama. Imekubaliana na stempu. Vitu viwili ambavyo havijuani vikisema jambo moja, hapo unaweza kupumua.

Na Union? Nilikuwa mjinga wa historia. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa imeisha miezi michache nyuma, Jenerali Lee wa kusini alisalimu amri Aprili 1865, na upande wa kaskazini ndo ulijiita Union, yani Muungano. Kila mji huku kulikuwa na mtaa wa Union, hoteli ya Union na timu ya Union. Mtanzania hilo halihitaji maelezo mengi, sisi wenyewe tumeweka neno hilo kila mahali tangu 1964.

Kuna jambo mzee alinieleza nikalipenda sana. Massachusetts walikuwa na besiboli yao wenyewe, wameiandikia kanuni Dedham mwaka 1858, badala ya mifuko ya kuonyesha vituo vya kukimbilia wanasimika vigingi, na mtu akiwa anakimbia unamrushia mpira mwilini, ukimpata ametoka. Nikamwambia mzee hiyo ni rede! Akauliza rede ni nini, nikasimama pale sebuleni kwake nikamwonyesha, mtu katikati, warushaji pande mbili, unakwepa hivi. Alifurahi mpaka akamwita mke wake aje aone. Ila kufika 1865 mtindo wa New York ulikuwa umeshaimeza ile ya Massachusetts, na mpira wa New York ni mgumu zaidi, ungemrushia mtu ungemvunja mbavu.

Ikabaki nani. Magazeti. Ushauri mmoja utakaokuokolea siku nyingi, enzi hizo waliandika base ball maneno mawili, ukitafuta neno moja hupati kitu. Nilitafuta kwenye magazeti ya mtandaoni ya Maktaba ya Bunge bila mafanikio, gazeti la mji ule lipo kwenye filamu tu, maktaba ya mji, ghorofa ya chini, mashine ya kuzungusha kwa mkono. Nilikwenda Jumatano 4 baada ya shifti. Jumatano ya nne, gazeti la mwisho wa Agosti 1865, chini kabisa ya ukurasa, karibu na tangazo la dawa ya tumbo, mechi ya klabu ya Union. Orodha ya majina 9, ya ukoo tu, na namba pembeni. Mawili yanafanana, yametofautishwa na herufi moja mbele. Na lile jina la ukoo lilikuwa ndo jina la upande wa mama wa yule marehemu niliyetoa vitu nyumbani kwake.

Ndugu wawili basi. Sensa ya jimbo la Massachusetts ya mwaka huohuo 1865 inao wote, nyumba moja, mmoja ana miaka 19 na mwingine 26, wote wa kiwandani. Ndani ya lile boksi la viatu kulikuwa na picha nyingine ya karatasi juu ya kadi ngumu, mzee mwenye ndevu, nyuma jina la yule mdogo kwa penseli. Ndevu zinaficha kila kitu isipokuwa sikio. Na watafiti wa picha wanapenda sikio kuliko pua au macho, umbo lake halibadiliki sana mtu akizeeka.

Nikalinganisha sikio la kushoto kwa la kushoto. Halikufanana. Nikamwandikia mzee kwamba basi ni kaka mtu. Akanijibu mstari mmoja, "Umeigeuza?" Ile ya kinyume. Sikio ninaloliona la kushoto kwenye tintaipu ni la kulia. Picha ya karatasi imepitia kwenye nega, haiko kinyume. Nikageuza, nikatafuta kwenye boksi picha nyingine ya yule mzee inayoonyesha upande wa kulia, ipo, kasimama na mjukuu begani. Kuna kipengo kidogo juu ya sikio, kama limekatwa na ukucha. Kipo kwa kijana, kipo kwa mzee.

Jina lake ninalo, silitaji hapa kwa sababu familia wameniomba. Nilimrudishia yule mama picha, nimeiweka kwenye boksi la karatasi lisilo na asidi pamoja na nakala ya gazeti na ukurasa wa sensa. Mke wangu alinitazama usoni nilipokuwa natoka nayo lakini hakusema kitu. Mama alipoisoma akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema yule mtoto begani kwa mzee ndiye bibi aliyemlea yeye. Alitaka kunilipa, nikamwomba kitu kimoja, aniruhusu nibaki na skani, akakubali na akaniongezea mkate wa ndizi.

Wapigapicha wa tintaipu wengi walitumia kamera zenye lenzi 4, bonyezo moja picha 4 kwenye bati moja, halafu wanakata kwa mkasi. Pembe moja ya bati la kijana wangu imekatwa mshazari, kwa haraka, Jumamosi ile kulikuwa na foleni. Kwa hiyo huenda kuna vipande vingine 3 vya sura yake, na wenzake 8 wa ile orodha nao labda walipanga foleni siku hiyo hiyo na mikanda yao. Majina yao nimeyaandika kwenye daftari, kila jina na ukurasa wake, 5 nimeshawapata kwenye sensa. Jumamosi tunatoa vitu kwenye nyumba mbili za mji ule, nimeshamwambia bosi maboksi ya viatu nayabeba mimi.